Laptopu Iliyosindikizwa na Wauza Nyama wa Burma

Heri mlisikie jambo hili kwangu kabla hamjalisikia pale Soko la Burma, maana huko linasimuliwa kwa kuongezwa chumvi, na aibu yangu inatosha bila chumvi.

Mjukuu wangu Zuhura, anayekaa Kware, alitutembelea Majengo akaisahau laptopu yake, na siku ya pili yake, saa nane, alikuwa na mtihani wa mwisho wa chuo, ule unaofanywa kwa mtandao, na asipoufanya anarudia mwaka mzima. Asubuhi ya mtihani alinipigia simu akilia. Nikamwambia atulie, babu yake ana baiskeli na Barabara ya Jogoo anaijua tangu mama yake hajazaliwa. (Kiburi hicho, Mola anisamehe.)

Wingu lilikuwa zito. Nikafikiria mvua, nikafikiria mashimo, nikaiogopea ile laptopu kama yai. Niliivisha mfuko wa nailoni, lakini nailoni haizuii kishindo. Sasa mimi ni muosha maiti wa msikiti wetu, na sandukuni mwangu hamkosekani pamba wala bafta ya sanda, basi nikaizungushia pamba nyingi, nikaifunika kwa bafta, na mikono yangu, ambayo imezoea kazi moja, ikafunga vitambaa kichwani, katikati na miguuni (laptopu haina miguu, najua). Nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, nikasema Bismillahi.

Mvua ilinikuta njiani. Kila shimo kifurushi kiliruka na moyo wangu ukaruka nacho, hata nilipokaribia Burma nikashuka, nikakikumbatia kifuani kwa mkono mmoja, baiskeli naikokota kwa mwingine, nimeinama ili mvua inipige mimi, midomo ikisoma kila dua ninayoijua. Hebu nitazameni kwa macho ya mpita njia: mzee wa kanzu, amelowa, anaomba, amekumbatia kifurushi cheupe, urefu wa kitoto kichanga, kinachonukia kafuri ya maiti.

Muuza nyama mmoja aliweka kisu chini, akavua aproni, akaja kando yangu na kusema polepole, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nikadhani amefiwa, nikamwitikia na kumwombea subira. Akanitazama kwa huruma, akaipokea baiskeli. Wakaja wengine, na mama mmoja Mkristo aliyekuwa akichoma mahindi akasimama na kusema, "Pole sana, babu." Mimi nilipoona watu wanatembea kimya nikajua kuna maiti mbele yetu, na kwa kuwa tumefundishwa ukiona janaza uiandame, nikaandama. Niliisindikiza janaza yangu mwenyewe, ndugu zangu.

Kijana mmoja wa mabega mapana akanyoosha mikono. "Nipe mimi, mzee. Umechoka."

Nikampa, nikidhani ameyahurumia magoti yangu. Naye akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine, kila mmoja akitaka thawabu yake, na kwa kuwa maiti hacheleweshwi walikwenda mbio, mimi nikibaki nyuma nikikiona kifurushi kinapotelea mvuani. Simu ikaita. Nikamwambia Zuhura laptopu iko njiani, inabebwa.

"Inabebwa na nani, babu?"

Nikakata simu, nikaongeza mwendo. Walipokata kona kuelekea msikiti wa jirani ndipo nilipoelewa janaza ni ya nani. Niliingia nikihema, nikakuta safu zimepangwa, kifurushi kimelazwa mbele, na imamu ananisubiri mimi mfiwa. Akaniinamia sikioni, akauliza kama inavyopasa kabla ya swala.

"Maiti ni wa kike au wa kiume, mzee wangu?"

"Ni laptopu," nikasema.

Alidhani huzuni imenichanganya, akanishika mkono nikae. Ikabidi nivifungue vile vifundo mbele ya safu zote, bafta, pamba, nailoni, mpaka kile kifuniko cheusi kikatokea, kikavu kabisa, Alhamdulillahi. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Nikaeleza habari ya mtihani huku nikitazama sakafu, na yule wa mabega mapana akaitazama saa ya ukutani.

"Tutacheka jioni, mzee. Nina pikipiki. Ila hiyo bafta iache hapa."

Zuhura aliifungua laptopu mtihani umekwisha kuanza, na akafaulu. Alininunulia mkoba wenye sponji ndani na kifuniko cha mvua, nami nimeapa kutofunga tena kwa bafta kitu kinachotiwa chaji. Nikipita Burma wananiuliza, "Mzee, marehemu hajambo?" Najibu hajambo, anawasalimu.

Lakini watu wale hawakuuliza mtoto ni wa nani wala wa kabila gani. Waliacha nyama kwenye mizani wakatoka mvuani. Ile bafta niliifuata msikitini nikairudisha sandukuni, nimewaambia wanangu ni sanda yangu. Siku hiyo ikifika, tafadhalini, msinipitishe njia nyingine. Nipitisheni Burma.