Swali la Mama Zaituni

Usiku ule nililala na begi la safari miguuni, limeshafungwa, hema limelazwa juu yake, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kambi. Kila mwaka waendesha pikipiki wa Tanga na wenzao wa mikoa ya jirani hukutana juu Lushoto. Wanapiga mahema msituni, wanachoma nyama, wanalala usiku mmoja, na Jumapili kila mtu anarudi kwake. Wengi wana mapikipiki makubwa yanayonguruma. Mimi na shoga yangu Zaituni tulikuwa na skuta. Walituita Cherehani, kwa ule mlio wetu, na tulipofika wa mwisho walitupigia makofi na kutuuliza kama tumeleta na uzi. Zaituni alimjibu mmoja mmoja, hakubakisha mtu.

Mwaka huu nilikuwa nakwenda peke yangu. Zaituni alifariki kabla ya mfungo, kwa figo, kitandani. Wale wote waliokuwa wakimwambia kwamba skuta itamuua walikuja msibani, wakanywa chai, wakainamisha vichwa. Sikuwasamehe, na mpaka leo sijawasamehe.

Jioni ile nilipita Ngamiani kumuaga mama yake, ambaye sasa anaishi peke yake. Nilimkuta kwenye kiti chake kinachotazama mlango, macho mekundu, nikajua ametoka kulia. Hakuniuliza habari za safari.

"Hawa mwanangu," alisema, "Zaituni ameshakutokea ndotoni?"

Nikamwambia bado.

"Dada yangu kamwota. Jirani hapa kamwota, anasema alikuwa anacheka. Mpaka yule muuza maandazi, ambaye hata jina la mwanangu alikuwa halijui. Mimi niliyemzaa hata kivuli sijakiona. Na kila usiku nakaa hapa hapa namngoja, kama nilivyokuwa nikiwangoja nyinyi mkienda huko kwenu milimani. Sipati kitu." Akaikunja ncha ya kanga magotini, akaikunjua. "Pengine nilimuudhi. Pale hospitali nilimlazimisha uji, naye hakuutaka. Akija kwako, muulize. Usimwambie nimelia. Muulize tu kwa nini haji kwangu."

Nikamwambia nitamuuliza, kama mtu anayetumwa sukari dukani. Ningemwambia nini kingine?

Basi nikaenda kulala na swali la mama wa watu kifuani, na usingizi ukanichukua bila taarifa.

Tulikuwa tumeshapita Muheza. Machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara na hakuna anayeyauza. Zaituni yuko mbele yangu kwenye skuta yake ya kijani, baibui amelikusanya na kulibana kiunoni, jiko la mkaa limefungwa nyuma kwa mpira. Nilijua amekufa. Nilijua vile unavyojua kwamba leo ni Jumamosi, wala haikunitisha. Kilichonisumbua ni kwamba nina swali la kuuliza na upepo ni mwingi.

Nikavuta mafuta nimfikie. Skuta yangu ikalia kwa uchungu, yake haikulia kabisa. Hakuwa anakimbia; alikwenda mwendo wake ule wa kila siku, ni mimi tu niliyeshindwa kufika. Mashamba ya mkonge yanapita kulia na kushoto, mistari imenyooka, na nikitazama vizuri naona katikati ya mistari wamekaa watoto wa darasa la tatu, darasa alilokuwa akilifundisha. Wamevaa sare, na vichwani wana kofia ngumu za pikipiki, wanaandika kimya. Zaituni anasimama. Anapita kati yao akichungulia madaftari, anamwekea mmoja alama ya vema hewani kwa kidole. Nami nimesimama karibu yake, injini zimezimwa, upepo umetulia, na bado siulizi. Naona haya kumkatiza mwalimu akiwa kazini.

"Twende," anasema. "Giza lisitukute mlimani."

Sauti ilikuwa ile ile, ya mtu mwenye mafua kidogo. Nilikuwa nimeanza kuisahau. Nilisikia furaha mpaka ikaniuma.

Kisha tuko Mombo, tunapanda. Skuta hazipendi mlima ule. Miaka yote tulipanda polepole mpaka akina mama wenye mizigo ya kuni walitupita na kutupa pole, na Zaituni akawaomba watusukume. Sasa napanda peke yangu, kona baada ya kona, mwamba huku, bonde kule, na kila kona namwona ameniwahi, amesimama pembeni, ananingoja. Nikimfikia anaondoka. Nafungua kinywa, ameshaondoka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na niliyemwogopa si yeye. Niliogopa asubuhi. Nilijua nikiamka bila jibu, nitamkuta yule mama kwenye kiti chake, na sitakuwa na cha kumpa.

Kambini walikuwepo wote, ila hakuna aliyetuita Cherehani. Wamekaa kuuzunguka moto na vikombe vya chai mikononi, vichwa wameviinamisha, vile vile walivyokaa msibani. Baridi ya Lushoto ikaniingia mifupani. Zaituni hakuwasalimu. Anapiga hema letu, lile dogo la watu wawili lenye zipu mbovu, na ninapoinama kuchungulia ndani naona sebule ya mama yake. Taa inawaka. Kitini amekaa mama, kanga magotini, anautazama mlango. Anatutazama sisi wawili tuliosimama pale, lakini yeye hatuoni.

Swali likanitoka lenyewe, bila mpango wowote.

"Mama anauliza kwa nini huendi kwake. Anasema pengine alikuudhi. Anasema ule uji."

Zaituni alikuwa ameshika kamba ya hema. Hakuifunga, hakuiachia.

"Uji ulikuwa mtamu," alisema. "Koo tu ndilo lililokataa."

Nikangoja. Moto nyuma yetu haukutoa mlio.

"Naenda, Hawa. Kila usiku naenda. Namkuta macho."

Alisema bila kunitazama, anamtazama mama yake mle ndani. "Nasimama hapa mlangoni mpaka kunakucha. Kwa mtu aliye macho sina pa kupitia. Mwambie alale."

Nilikuwa na yangu pia ya kumuuliza. Kama bado anaumwa. Kama huko aliko ana mtu wa kumchekesha. Kama ni kosa mimi kwenda kambini bila yeye. Nikamshika mkono, ukawa wa baridi, na nikajua natakiwa kuchagua maneno maana muda hautoshi, na nilipokuwa nachagua, nikaamka.

Msikitini walikuwa wanaadhini. Mto wangu umelowa, na mkono umekamata mkanda wa begi kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. Nililia kwa sauti, nikalia tena, mpaka jirani akagonga ukuta. Nami nikamgongea.

Kulipopambazuka nikafunga mizigo kwenye skuta kama mtu aendaye safari, maana wenzangu walikuwa wananisubiri kituo cha mafuta, lakini nikaelekea Ngamiani. Mlango ulikuwa wazi. Mama Zaituni alikuwa kitini, nguo zile zile za jana, macho yale yale mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujaondoka?"

"Umelala, mama?"

"Nitalalaje?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikampa ujumbe wake kama nilivyopewa, sikuongeza neno. Nilipofika kwenye uji alinikamata bega.

"Kasema mtamu?"

"Kasema mtamu. Koo tu ndilo lililokataa."

Akalia mbele yangu, waziwazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu siku ya maziko. Nilimwacha alie. Nilipomwambia lile la mwisho, kwamba binti yake huja kila usiku na kusimama mlangoni, aligeuka akautazama mlango, akautazama sana.  Kisha aliinuka akijishika ukuta, akaenda chumbani kwa Zaituni, chumba ambacho hakuna mtu aliyelala humo tangu msiba. Akasimama penye pazia.

"Usiniache peke yangu," alisema.

"Nipo, mama."

Simu ikaita. Alikuwa kiongozi wa msafara. "Hawa, wenzio tumeshajaza mafuta, uko wapi?" Nikamwambia waende, wawasalimie wa huko juu. Akaanza kunitania kwamba cherehani imekatika mkanda, kisha akaukatiza utani, nadhani aliisikia sauti yangu. Nikazima simu. Baada ya muda niliyasikia mapikipiki yakinguruma kwa mbali, yanatoka mjini.

Nikaufunga mlango, nikakaa sakafuni. Watoto walipokuja kucheza mpira dirishani nikatoka kuwafukuza kwa ishara tu, na aliyekuja kuuza samaki nikamuonyesha kidole mdomoni, akaenda zake akinishangaa. Mle ndani kitanda kilikuwa kinalia kila mama anapojigeuza. Kikalia kwa muda mrefu. Kisha kikatulia.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri nilipomsikia kupitia pazia. Hakuwa ameamka, sauti ilikuwa nzito ya usingizi, na alikuwa anamkaripia mtu, taratibu.

"Mbona umechelewa hivyo?" alisema. "Haya, ingia."