Redio ya pikipiki ya mchungaji

Bandugu, leo nimeaibisha mchungaji wetu kwenye matanga, na mpaka sasa sijasema ni mi.

Jana nilimufungia redio ya kaseti kwenye pikipiki. Redio ya gari, tuliipata Lilongwe, pale Mchesi, na spika mbili. Alitaka batu basikie kwaya akipita.

Waya niliiunganisha pa ufunguo: ukiwasha pikipiki, redio nayo inalia. Niliona ni akili sana!

Nikaijaribu na kaseti yangu ya rumba, sauti mpaka mwisho.

Kisha nikaenda kula nsima. Kaseti ikabaki ndani.

Leo asubuhi jirani yetu Mama Neema akafiwa na bwana yake. Njo mi mwenyewe nilizunguka mlango kwa mlango, nikiomba batu bazime redio. Munajua vile tunafanya kukiwa maiti.

Mchungaji akaomba, kisha akawasha pikipiki, yenye ililala kwetu tangu jana, aende Chinsapo kuambia ndugu ya marehemu.

Rumba!

Mama Neema akaacha kulia, akageuka kuangalia. Mchungaji alibonyeza kila kitu kabla ya kukumbuka ufunguo. Na mi, mwenye kujua, nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mzee moja akauliza: "Hiyo kaseti ni ya nani?"

"Ni yangu," mchungaji akasema. "Munisamehe."

Kesho tunazika. Nisimame niseme mbele ya batu bote, ao ninyamaze? Munishauri.

Maana alipopita karibu yangu, alinitia kaseti mukononi. Jina yangu iko juu yake, niliandika mwenyewe na biki.