Mkaratusi wa Nasipwondi

Nasipwondi alikuwa mwepesi wa kuamini watu, na hapa kijijini Gatwekera hilo ni kosa baya kuliko wizi. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye kibanda cha mabati, chini ya mkaratusi alioupanda mwenyewe mwaka aliotoka Bungoma. Hati ya ardhi hakuwa nayo, na nani anayo huku? Huku mwenye mti ndiye mwenye udongo ulio chini ya matawi yake, basi.

Mwaka jana mizizi iliingia chini ya nyumba yake, iliyo kando ya kibanda. Sakafu ikainuka, ukuta wa udongo ukapasuka hadi mkono ukapita. Mbula, jirani na rafiki yake wa miaka kumi na minane, akaja kuona, akasikitika mno.

"Mama Bridgit, skiza," akasema. "Huyu bwanangu Mulei hawezi saidia mtu bure, unamjua. Lakini wazee wa kijiji wakimwambia alipe, atajenga haraka. Enda useme mti ni wetu na umekuharibia nyumba. Sisi hatutakataa."

"Na si ni mimi niliupanda?"

"Nani anauliza? Unataka ukuta ama unataka mti?"

Alitaka ukuta, maana mvua zilikuwa karibu. Ule uongo ulimkaa vibaya kidogo, lakini akajiambia kwamba hamdhulumu mtu. Alipofika mbele ya wazee, akasema mti ni wa Mulei. Mzee Shivachi akamuuliza tena, naye akarudia kwa sauti, kisha akatia sahihi kwenye karatasi ya wazee. Mulei akakubali kosa kwa upole ambao ungemshtua mtu yeyote mwenye akili zake.

Ukuta ulijengwa, tena vizuri, sina la kusema hapo. Wiki iliyofuata Mulei aliukata mti, akaleta nguzo na mabati, akazungushia uwanja wote uliokuwa chini ya matawi, kibanda kikiwa ndani. Nasipwondi alikimbia kwa Mzee Shivachi huku kanga inamvuka. Mzee akaitoa ile karatasi.

"Mama, hii sahihi ni ya nani?"

Akaenda kwa Mbula. Alikuwa na hakika kwamba huyu hatakana, huyu aliyemshikilia kaburini siku ya kumzika mumewe. Mbula hakuinua hata macho kutoka kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata.

"Si ulipata ukuta, Mama Bridgit?"

Nasipwondi alilia kwa hasira, kisha kwa aibu, na aibu ndiyo iliyomuumiza zaidi, kwa sababu mdomo uliomfukuza ulikuwa wake mwenyewe.

Siku hizi anashonea ndani, mlango umefungwa nusu, na wateja wengi hawajui kama bado yupo. Wanaishia pale kibandani, ambapo Mbula amenunua cherehani mpya. Anashona vizuri Mbula, nyuzi hazimkatiki. Kazi hiyo alifundishwa na Nasipwondi, miaka mitatu, bila malipo, kwenye kibanda hichohicho.