Nicanor Aulizwa Ubaya Wake

Nicanor wa Ruiru alikuwa msema kweli mpaka kweli yenyewe ikaona haya. Tangu aokoke, kila Jumapili alisimama kanisani mbele ya wenzake akaungama dhambi zake moja moja kwa majina, kama anayeita watoto waje kula. Wengine walicheka, lakini mimi nawaambia, afadhali mtu huyo kuliko anayekohoa kidogo akajiita msafi.

Mwaka wa hamsini na nane shamba la kahawa alikokuwa akitunza ghala liliuzwa. Mwenye shamba mpya alikuja na watu wake, na Nicanor na mkewe Mumbi wakaambiwa wahame kabla ya mwezi kuisha. Ndipo akasikia kwamba Kanji, mfanyabiashara wa vyakula na vyuma huko Thika, anatafuta mtunza stoo, na kazi ina chumba nyuma ya duka.

Alifika asubuhi akawakuta wengine kwenye foleni. Mbele yake alisimama kijana aliyeitwa Macharia, nywele amezipasua njia, viatu vinang'aa.

"Huyu mzee anauliza kila mtu ubaya wake," Macharia alimnong'oneza. "Usiwe mjinga. Mwambie ubaya wako ni kupenda kazi mpaka unasahau kula."

"Lakini mimi sijawahi kusahau kula."

"Kwani ataenda kumuuliza bibi yako?"

Macharia akaingia, akatoka akitabasamu. Zamu ya Nicanor ikafika. Kanji alikuwa ameketi mezani, na mkewe, Dayaben, akipima dengu kando.

"Na wewe? Ubaya yako gani?" Kanji aliuliza. "Usiniambie iko penda kazi. Leo watu wanne wamependa kazi, na hapana hata moja amenisaidia kuinua hii gunia."

Swali hilo Nicanor alilijua vizuri, ila mahali pake palikuwa kanisani. Akainua gunia, akaliegemeza ukutani, akavua kofia, akafumba macho.

"Bwana asifiwe!" alianza kwa sauti kubwa. Kanji akageuka kuona nani anasalimiwa. "Mimi nina hasira. Mwaka jana nilimpiga punda wa jirani teke, na punda hakuwa na kosa. Nina wivu. Mzee wa kanisa alinunua baiskeli, na siku ilipopata pancha nilifurahi moyoni. Tena mimi ni mlafi! Ghala la shamba lilikuwa na sukari guru. Nilivunja kona moja, nikavunja ya pili, mpaka bonge la pembe nne likawa mviringo kama mpira."

Dayaben aliacha kupima dengu.

"Tajiri yako alijua?" Kanji aliuliza.

"Nilimwambia mwenyewe. Alinifokea tangu saa tatu mpaka saa nne, halafu akanirudishia funguo."

"Mimi nina gunia kumi na mbili ya sukari guru huko nyuma. Nikupe funguo?"

Nicanor alifumbua macho. Moyoni alimwona Mumbi kule nyumbani akifunga matandiko bila kujua yatatandikwa wapi. Neno moja tu, "Nipe", lingemaliza shida. Hapa ndipo wengi wetu huanguka, maana uongo hauji na pembe. Huja umevaa nguo za mahitaji.

"Hapana," alisema. "Ya sukari usinipe."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Nicanor alivaa kofia akaelekea mlangoni.

"Ngoja!" Dayaben aliita. "Misumari je? Unakula?"

"La, mama. Kwa upande wa misumari sijawahi kujaribiwa."

"Mabati? Rangi?"

"Hata kidogo."

Dayaben alicheka mpaka kipimo kikamponyoka. Akamgeukia mumewe. "Mpe stoo ya vyuma na chumba. Ya sukari nitashika mimi. Wewe mwenyewe unavunja kona, unafikiri sioni?"

Kanji alijipangusa midomo kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. Kisha akausukuma ufunguo mezani.

Nicanor aliushika, na kifua kikaanza kumfura. Alipofika kizingitini akasimama, akarudi.

"Mzee, kuna moja nimesahau. Sasa hivi nahisi kiburi kinaniingia, kwa sababu nimewashinda wale wa nje. Tena yule kijana mwenye viatu, nilimwangalia nikasema moyoni—"

"Wewe!" Kanji alipiga meza. "Funga mdomo, fungua stoo! Watu wanangoja misumari."

Akaenda kuifungua.