Mlingoti na Meza Fupi

"Meza fupi! Miaka yote nasema meza fupi, nanyi mnaniambia mimi ndiye mrefu!"

Mlingoti alikuwa amemkabili msimamizi wa madobi, pasi mkononi, shuka za hoteli zimerundikwa hadi kiunoni. Wenzake ndio waliompa jina hilo, kwa urefu wake.

"Sasa tukukate miguu?" msimamizi akauliza. Wapiga pasi wakaangua kicheko.

"Kata ulimi wako kwanza."

Kelele zake zilifika ofisini, na kwa mara ya kwanza ofisi ikasikia. Ataitwa mpimaji, wakasema: mtu wa kutazama wafanyakazi wanavyoinama, awapige picha ubavuni, apime shingo na mgongo, kisha aamue meza ziinuliwe au zibaki. Mlingoti alifurahi kama aliyeposwa. Mgongo ulikuwa umemwisha. Asubuhi mumewe ndiye aliyemvalisha viatu, naye mume hana kazi. Meza zisipopanda, Mlingoti ataanguka, na nyumba nzima juu yake.

Sasa sikia mtu anavyojichimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe. Siku ya mpimaji alimeza vidonge vya maumivu. Chini ya sare akajifunga kitambaa kiunoni, akakikaza hadi pumzi ikawa inapita kwa kuomba ruhusa. Mgeni humpokei umepinda kama ndoano. Ndivyo mama yake alivyomlea.

Mpimaji alikuwa binti mpole mwenye simu. "Mama, fanya kama unavyofanya kila siku."

"Ndivyo nifanyavyo, mwanangu."

Akakunja magoti, akanyoosha mgongo, akapiga pasi kama bibi harusi mbele ya kamera.

"We! Inama!" Mama Pacha, mwenzake wa meza ya pili, akamnong'oneza.

"Mbele ya watu?"

Majibu yakaja: mikao mizuri, hatari ndogo, meza zibaki. Picha ya Mlingoti ikabandikwa ukutani, iwe mfano kwa wengine.

Alikwenda kwa msimamizi mbio. "Siku ile nilijifunga kitambaa! Nilimeza dawa!"

"Nani alikutuma?"

Mlingoti akarudi mezani, akashika pasi.

Jioni hiyo hiyo kiuno kilikakamaa. Akabaki amelala kifua juu ya shuka, hawezi kuinuka wala kukaa, mkono ungali umeng'ang'ania pasi. Mama Pacha akaja mbio, akamshika mabega.

"Jumapili nakuja kukulipa zamu yako," Mlingoti akasema, meno yameumana. Mwezi uliopita alishindwa kutoka kitandani, na Mama Pacha akamfanyia kazi siku nzima.

"Acha, dada. Nimekusamehe."

"Usinisamehe! Nidai, mwenzangu. Nidai tu!"

Mama Pacha alimbandua vidole kwenye pasi, kimoja kimoja, akaizima.