Mizinga ya Marehemu Kichakani

Kichaka cha kijiji chetu, mbele ya Ihumwa, si kikubwa. Unakizunguka kabla uji haujapoa. Lakini mna digidigi, mna kanga, mna pimbi kwenye majabali, na kwale wanaokimbia kama watoto waliotumwa dukani. Kipo hadi leo. Aliyetaka kukimaliza namtaja: shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mwenyekiti wa kijiji wakati ule.

Mume wangu alipofariki, huyo alichukua ng'ombe, akachukua na shamba. Mizinga ya nyuki, mitupu, akaiacha uani. Akaiona magogo tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu mfanyabiashara. Mjini mkaa unatafutwa. Mwenyekiti akampa mtu wa lori kichaka chote, bila mkutano. Nikasikia kisimani: Jumatatu wanakata.

Sasa, kwetu mti wenye mzinga haukatwi, hata mzinga uwe wa adui yako. Na mwanamke hatundiki mzinga. Mimi nikatundika. Jumamosi na Jumapili nilipanda migunga na mikambala, nikaivuta mizinga kwa kamba, miiba ikanichana, mpaka mizinga ikaisha na kila mti mkubwa ukawa na wake.

Jumatatu vijana wa mashoka wakafika. Mbele yao mtani wa marehemu, yule aliyetuchekesha msibani.

"Shikamoo, mama. Mizinga ya nani?"

"Marahaba. Ya marehemu."

"Tangu lini marehemu akarina asali?"

"Kata, atakuja kukujibu."

Wenzake wakacheka. Yeye akautazama mti, akarudisha shoka begani. "Nilimtania akiwa jenezani. Huu utani wa leo siuwezi."

Shemeji akaja mbio. "Mwanamke anatundika mizinga? Shusha!"

"Panda ushushe wewe, shemeji."

Hakupanda. Kushusha mzinga wa mwenzio ni wizi, na kijiji kizima kilikuwa kinatazama. Lori likaondoka tupu.

Mvua zilipoanza, nyuki wakaingia wenyewe. Shemeji sijamsamehe, wala sitamsamehe. Ng'ombe wa wanangu amewala. Lakini asubuhi nikienda kuokota kuni, digidigi jike hunikodolea macho, hutikisa pua, kisha huendelea na majani yake. Nami hukaa jabalini, nikamumunya ubuyu, hata kuni nikazisahau.