Katoni Kumi na Moja za Barabara

Nimezunguka depo nyingi: samaki Kasenyi, saruji Mahagi, bia Beni. Karibu kila mahali mtunza depo alikuwa na kona yake ya siri, na vitu vya kona hiyo viliishia sokoni. Kwa hiyo niliporudi Bunia kufanya kazi katika depo ya dawa, nilianza kwa kumchunguza muzee aliyeitunza.

Yeye alitumia fishi, kadi za karatasi za kuandikia kila kinachoingia na kutoka, zilizochakaa pembeni. Nazikumbuka kwa upendo, ingawa mimi ndiye niliyeletwa kuziondoa. Kila katoni ilipaswa kuandikwa katika mashini, yaani kompyuta iliyounganisha depo zote, na mashini ingejua depo gani ina nini na kugawa yenyewe.

Tukihesabu, nyuma ya marobota ya vyandarua nikakuta katoni kumi na moja za serumu ya kutundikia wagonjwa. Hazikuwa kwenye fishi yoyote.

“Hiyo ni ya barabara, mudogo,” muzee akasema. “Siku barabara itakatika, mashini yako itaenda kuleta serumu?”

Majibu kama hayo nilikuwa nimeyasikia kwa wezi. Nikaziingiza zote. Kesho yake mashini ikaona tumezidisha, ikaamuru zipelekwe mji mwingine, na ofisi ikamtaka muzee ajieleze kwa barua.

Haikupita wiki mbili, barabara ikafungwa. Lori letu likakwama mbali, likiwa na katoni ishirini za serumu. Rafu yetu ilikuwa tupu, lakini mashini ilihesabu zile za kwenye lori kuwa zetu tayari. Nilipoomba nyingine kwa ndege, ikakataa.

Muuguzi mmoja akaja kwa pikipiki kutoka Bogoro. Watoto walikuwa wanaharisha, na kwake zilibaki chupa mbili. Nikamwonyesha kioo cha mashini: katoni ishirini, njiani.

“Papa, niandikie hivyo kwa karatasi,” akasema. “Niende nitundikie watoto hiyo ya njiani.”

Muzee akatoka nje na simu yake. Kabla ya saa sita zikafika katoni tatu kutoka kwa mtunza depo mwenzake wa ng’ambo ya mji, bila hata kipande cha karatasi. Walizoeana namna hiyo tangu lini? Na kwa mambo gani mengine?

“Andika, ukitaka,” muzee akaniambia.

Ningeandika, mashini ingeuliza zimetoka wapi, na yule mwenzake naye angetakiwa kujieleza. Nikaiacha mashini, nikamsaidia muuguzi kuzifunga kwenye pikipiki.